Meza ya tangi la samaki: kilo 300 juu ya miguu minne

Tangi la samaki la vioo lenye urefu wa sentimita 120, upana wa sentimita 45 na kimo cha sentimita 45 hubebwa na vijana wawili likiwa tupu. Likijaa, hata vijana sita hawaliinui. Hesabu yake haihitaji mhandisi. Tangi hilo huchukua lita 243 hadi ukingoni, na kila lita ya maji ni kilo moja. Vioo vyake, vikiwa vya milimita 10, vinakaribia kilo 50. Changarawe ya kufunika chini ni kilo 40 au zaidi. Hata ukipunguza maji kidogo ili samaki wasiruke nje, bado uko kwenye kilo 300 hivi. Hayo ni magunia matatu ya mahindi ya kilo 100, au matano ya kahawa ya kilo 60, yaliyokaa sebuleni usiku na mchana kwa miaka, karibu na pale watoto wanapochezea.

Mara nyingi mzigo huo huwekwa juu ya meza iliyotengenezwa kwa ajili ya televisheni.

Mji wa Jinja una sababu zake za kupenda samaki walio ndani ya vioo. Mwaka 1947 ndipo ilipoanzishwa hapo taasisi ya Afrika Mashariki ya utafiti wa samaki wa maji baridi, ambayo kazi yake leo inaendelezwa na taasisi ya taifa ya Uganda ya utafiti wa rasilimali za uvuvi. Makao makuu ya Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria yako Jinja pia, chini ya mkataba ambao Kenya, Tanzania na Uganda zilitia saini mwaka 1994. Samaki aliyewapa watafiti kazi nyingi kuliko wengine ni mdogo wa kutosha kukaa kiganjani. Watanzania humwita furu, Wajaluo wa Kenya fulu, na Waganda nkejje. Wengi wanamjua akiwa amebanikwa na kuchomekwa kwenye kijiti, si akiwa anaogelea.

Ziwa lilikuwa na mamia ya aina za furu. Sangara, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950, aliongezeka ghafla miaka ya 1980, na aina nyingi za furu zikatoweka au kubaki chache mno. Baadhi zimeendelea kuzaliana kwenye matangi ya vioo huko Ulaya na Marekani. Furu mmoja wa upande wa Mwanza, dume lake likiwa na rangi nyekundu na njano, alipewa na wataalamu mwaka 1985 jina la nyererei, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere, na leo anafugwa na wapenzi wa samaki duniani kote. Kwa samaki wa namna hiyo, tangi likipasuka hakuna kusema utashuka ziwani kesho kuvua mwingine.

Turudi kwenye meza. Mteja anapokwenda kwa fundi seremala au mchomeleaji, swali lake la kwanza huwa, je, itabeba? Fundi hujibu kwa kuongeza unene: miguu minene zaidi, chuma kizito zaidi, na bei inapanda. Swali hilo linakosa shabaha. Miguu minne ya mbao ngumu, au ya chuma cha mraba, ikisimama wima hubeba kilo 300 bila shida, kwa kuwa kila mguu unapata kilo 75 tu, uzito wa mtu mzima mmoja. Meza nyingi huangushwa na mambo mengine mawili: kuyumba na kupinda.

Kuyumba kwanza. Fremu ya pande nne isiyo na kitu cha kuikaza ni kama kiberiti kilichotolewa njiti: ukikisukuma pembeni kinalala. Mtoto akiegemea tangi, au mtu akiligonga kwa bega akipita na ndoo, maji yanasogea upande mmoja, yanarudi, na kila yakirudi yanaivuta meza. Viungo vilivyoshikwa kwa misumari huanza kulegea. Dawa yake ni ya bei ndogo kuliko kuongeza unene wa miguu. Ni chuma au ubao wa mshazari toka kona ya juu hadi kona ya chini, nyuma na ubavuni, au karatasi ya plaiwudi iliyopigiliwa mgongo mzima wa meza. Ukiisukuma meza tupu kwa mkono nayo ikacheza, usiipandishie tangi.

Kuna pia suala la mahali uzito unapopita. Ubao wa juu unapaswa kuketi juu ya kichwa cha mguu, ili mzigo ushuke moja kwa moja hadi sakafuni. Maseremala wengi, kwa kutafuta urembo, huubandika ubao huo ubavuni mwa mguu na kuukaza kwa skrubu. Hapo kilo zote zinaning'inia kwenye skrubu nne au nane, na mbao ikinyauka au kulowa, tundu linapanuka. Afadhali urembo uje baadaye kwa milango na vanishi.

Kupinda ndiko kunakovunja vioo. Matangi yanayotengenezwa na mafundi wetu wa vioo hugandishwa kwa gundi ya silikoni, na kioo cha chini hukaa chenyewe juu ya meza bila fremu ya kukiinua. Kioo hakijui kujikunja. Kona moja ya meza ikiwa chini kwa milimita tatu kuliko nyingine tatu, tangi halifuati meza; linabaki limeshikwa na kona tatu huku ya nne ikielea. Maji yakijaa, nguvu yote inakwenda kwenye mshono wa silikoni au inatafuta ufa katika kioo cha chini. Mara nyingi halivuji siku hiyo. Huchukua wiki au miezi, halafu usiku mmoja lita mia mbili zinamwagika sakafuni, na kwa kawaida soketi ya umeme haiko mbali.

Ndiyo maana meza ya tangi la aina hii huhitaji uso kamili ulionyooka, si fito mbili za kushikilia kingo. Juu ya fremu lala plaiwudi nene, kisha tandika lile povu jeupe gumu linalofungashiwa televisheni, lenye unene wa sentimita moja au mbili. Povu humeza vijiwe na vichwa vya misumari ambavyo jicho halikuviona. Haliponyi meza iliyopinda, ingawa wauzaji wengine huliuza kana kwamba linaponya. Ubao wa maranda yaliyoshindiliwa uepukwe kabisa, maana ukipata maji huvimba na kumeguka kama mkate, na hakuna tangi lisilodondosha maji siku ya kusafishwa.

Sasa tuseme tangi limegandishwa Jinja na mwenyewe anakaa Mbale. Linapitia Iganga na barabara ya Tirinyi, zaidi ya kilomita 140, na linafaa kusafiri likiwa tupu kabisa, bila changarawe, juu ya godoro. Meza ni afadhali ichomelewe Mbale kwenyewe, kwa sababu sakafu ndiyo inayoamua urefu wa miguu. Mji umelala chini ya Wanale, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, na nyumba nyingi zimejengwa juu ya udongo uliojazwa ili kusawazisha kiwanja. Sakafu ya saruji inayoonekana bapa inaweza kuwa na mteremko wa sentimita nzima, wakati mwingine kwa makusudi ili maji ya kupigia deki yaelekee mlangoni. Mbao nazo zina adui wao. Mchwa wa mashariki ya Uganda hupanda kimya ndani ya mguu wa meza, na rangi ya nje inabaki nzuri. Gonga mguu kila baada ya miezi michache. Ukilia kama ngoma, uubadilishe. Miguu ya chuma ipakwe rangi ya kuzuia kutu na iwekewe vibati chini, vinginevyo itatoboa marumaru. Kwenye ghorofa yenye sakafu ya mbao, weka meza kando ya ukuta unaobeba nyumba, ikiwa imekatiza mihimili badala ya kulala sambamba nayo.

Kusawazisha hufanywa na pima maji, kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari. Asiye nayo achukue mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, ule wa waashi. Kabari huingizwa chini ya mguu wa meza, kamwe si kati ya meza na tangi.

Kisha jaza nusu tu na usubiri. Hapo tangi lenyewe limekuwa pima maji: pima kwa rula kutoka usawa wa maji hadi ukingo wa kioo katika kila kona. Vipimo vikitofautiana kwa milimita moja au mbili, si neno. Tofauti ikizidi hapo, na hasa kona moja ikiwa peke yake, fyonza maji yote kwa mpira, rekebisha kabari na uanze upya. Usijaribu kuinua kona ya tangi lenye maji, hata kidogo. Nusu hiyo ni kilo mia na zaidi, na mshono haustahimili.

Likijaa, liache siku mbili bila samaki na upitishe karatasi kavu ya chooni chini ya mishono yote asubuhi na jioni. Karatasi huonyesha unyevu kabla jicho halijauona.