Ndoa Ikivunjika, Mtoto Hatalikiwi

Katika kambi zetu na katika makazi ya polisi, habari ya ndoa iliyovunjika haikai siri. Nyumba zimekaribiana mno, na kile kibanda cha bati ambacho hapa Uganda kimepewa jina la "mama ingia pole" hakina ukuta wa kuzuia kilio wala matusi. Jirani husikia, watoto wa jirani husikia, na kunapopambazuka mkuu wa kikosi huletewa mashtaka. Lakini yako mambo mawili ambayo aghalabu hayatajwi katika mashtaka hayo: sheria yenyewe inasemaje, na mtoto aliyekuwa amelala nyuma ya pazia usiku ule ameelewa nini. Tumeona yafaa tuyaandike, kwa kuwa askari anahusika nayo mara mbili, akiwa mzazi, na tena akiwa mtu anayekimbiliwa na raia pindi nyumba zao zinapobomoka.

Sheria ya Talaka inayotumika kwa ndoa za kanisani na za serikali ina asili yake mwaka 1904, zama za ukoloni, nayo ilikuwa na upendeleo ulio wazi. Mume aliweza kuomba talaka kwa kuthibitisha uzinzi wa mkewe tu, ilhali mke alitakiwa athibitishe uzinzi pamoja na kosa jingine juu yake, kama vile ukatili, au kutelekezwa kwa miaka miwili na zaidi. Upendeleo huo uliishi karne nzima. Mwaka 2004 Mahakama ya Katiba, katika shauri lililofunguliwa na chama cha mawakili wanawake, iliamua kwamba ubaguzi huo unapingana na Katiba ya mwaka 1995, ambayo katika Ibara ya 31 inawapa mume na mke haki sawa wanapooana, wawapo katika ndoa, na ndoa inapovunjwa. Tangu hapo mizani ni moja kwa wote wawili. Yafaa pia ijulikane kwamba mahakama hutoa kwanza hukumu ya muda, na hukumu kamili haitolewi kabla ya miezi sita kupita. Aliyepata karatasi ya kwanza akakimbilia kuposa kwingine, huyo bado ni mume wa mtu.

Waislamu wana njia yao, inayotambuliwa na sheria tangu mwaka 1906, nasi hatutaingia katika mambo ya fikihi. Ndoa za kimila zina sheria yake ya kuandikishwa ya mwaka 1973, lakini kuvunjwa kwake bado kumo mikononi mwa koo na wazee, na hapo ndipo panapozuka habari ya ng'ombe. Ilikuwa desturi kwa mume kudai mahari yarudi ndipo amwachilie mwanamke. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kudai mahari yarudishwe ni kinyume cha Katiba. Konstebo anayeombwa amsindikize mume hadi kwa wakwe ili ng'ombe wahesabiwe upya, anaombwa atumie sare ya serikali kutenda jambo ambalo mahakama ya juu kabisa ya nchi imekwisha kulikataa.

Na mali je? Mahakama hiyohiyo ilitoa mwaka 2013 hukumu ambayo kila askari anayetuma fedha nyumbani angefaa kuifahamu. Ilisema kwamba si kila mali ya mtu aliyeoa huwa ya wote wawili kwa sababu ya ndoa tu. Lakini ilisema pia kwamba mchango wa mke au mume katika mali ya nyumba waweza kuwa wa moja kwa moja au wa kupitia njia nyingine, wala si lazima uwe wa fedha. Mwanamke aliyesimamia mafundi, akalisha watoto na kupalilia shamba wakati mumewe yuko Somalia, ambako majeshi ya Uganda yalianza kupelekwa mwezi wa Machi 1997 ukiongeza miaka kumi, yaani 2007, amechangia, hata kama kila shilingi ya saruji ilitoka katika posho ya mume. Zaidi ya hayo, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inakataza kuuza ardhi ya familia bila ridhaa ya mwenzi. Anayerudi kutoka kazini kwa hasira akauza kiwanja wanachokaa ili kumkomoa mwenzake, anamwuzia mnunuzi kesi.

Mambo ya mali hata hivyo yana kipimo. Yasiyo na kipimo ni ya moyoni, nasi askari, tangu siku ya kwanza ya mafunzo, tumezoezwa kuyaficha. Mtu aliyevumilia risasi huona aibu kusema kwamba halali usingizi kwa sababu mke ameondoka. Basi hunywa, au hunyamaza, au huomba zamu za usiku ili asirudi katika chumba kitupu. Askari wa kike hupatwa na hayohayo, na juu yake hubeba maneno ya wenzake wanaosema kwamba sare ndiyo iliyomharibia ndoa. Magazeti yamekwisha kutangaza zaidi ya mara moja habari za askari aliyetumia silaha ya kazi dhidi ya mwenzi wake au dhidi yake mwenyewe. Kwa hiyo twasema bila kuzunguka: askari ambaye ndoa yake inavunjika na ambaye moyo wake umechafuka, bunduki yake ikae ghalani kwa muda. Mwenzake anayemwona amebadilika na akamwarifu kiongozi wao, hamsaliti. Naye kiongozi anayeipokea habari hiyo kwa mzaha amekosa kazi yake. Padri, imamu na daktari wa kikosi wapo kwa ajili ya jambo hili pia.

Tuje kwa watoto. Mwaka 1971 wachunguzi wawili wa Marekani, Judith Wallerstein na Joan Kelly, walianza kuzifuatilia familia 60 za California zilizokuwa zinaachana, zenye watoto 131, na matokeo wakayatoa katika kitabu mwaka 1980. California si Gulu wala Mbarara, na ukoo wetu mpana huwapa watoto mashangazi na mabibi ambao wale hawakuwa nao. Lakini moja ya waliyoyakuta tunaliona hata hapa: watoto wadogo wengi hawakuelezwa lolote. Siku moja baba hakuwapo, basi. Na mtoto asiyeelezwa hujitafutia maelezo. Wa miaka minne au mitano hudhani baba ameondoka kwa sababu yeye alimwaga maziwa. Huanza tena kukojoa kitandani na kumng'ang'ania mama hata chooni. Wa miaka minane huhuzunika waziwazi, akangoja mlangoni. Wa miaka kumi na mitatu hukasirika, akachagua upande, akaacha masomo, au akajifanya mzazi wa wadogo zake. Jambo jingine ambalo wachunguzi wengi wamelithibitisha ni kwamba ugomvi wa wazazi unaoendelea mbele ya mtoto humwumiza kuliko kuachana kwenyewe.

Maneno ya kumwambia mtoto si mengi. Aambiwe, na wazazi wote wawili wakiweza kukaa pamoja kwa nusu saa, kwamba hawataishi tena nyumba moja, kwamba si yeye aliyesababisha, na kwamba wote wawili wataendelea kuwa wazazi wake. Kisha aambiwe yale anayotaka hasa kuyajua: atalala wapi, atasoma shule ipi, nani atamlipia ada. Habari za nani alimkosea nani si zake. Baba aliye mbali kikazi anaweza kuyasema haya kwa simu, mradi asiitumie simu hiyohiyo kumpeleleza mama: "Nani alikuja hapo jana?" Mtoto anayeulizwa hivyo mara mbili hujifunza kusema uongo kwa pande zote.

Huku kwetu wengi bado husema mtoto ni wa ukoo wa baba, na neno limekwisha. Sheria ya Watoto haisemi hivyo. Inasema masilahi ya mtoto ndiyo ya kwanza, na inaitaka mahakama iangalie matakwa ya mtoto kwa kadiri ya umri na ufahamu wake, mahitaji yake ya mwili, ya moyo na ya elimu, athari za kumhamisha, madhara yaliyompata au yanayoweza kumpata, na uwezo wa kila mzazi. Wajibu wa kumlisha, kumvika, kumpa malazi, kumtibu, kumchanja na kumsomesha ni wa wazazi wote, wawe wanaishi pamoja au la. Asiyetunza anaweza kushtakiwa katika Mahakama ya Familia na Watoto.

Askari wa zamu hukutana na haya mezani pake: mama analia, baba ameshika mkono wa mtoto, na ndugu wa pande mbili wanapiga kelele. Meza ile si mahakama. Akiwapo wa kitengo cha polisi kinachoshughulikia watoto na familia, waitiwe huyo. Ofisa wa ustawi wa jamii wa wilaya naye aarifiwe. Iwapo iko amri ya mahakama, itekelezwe ilivyoandikwa. Iwapo hakuna, kazi ya askari ni kuona kwamba mtoto yuko salama usiku huo, kisha wazazi waelekezwe mahakamani, si kumkabidhi mtoto kwa yule mwenye cheo kikubwa au mwenye sauti kubwa. Mtoto mwenyewe atolewe katika chumba kile kabla ya neno lolote kuandikwa kitabuni, apewe maji na mahali pa kukaa. Simu ya bure ya 116 ipo pia kwa habari za watoto wanaodhulumiwa.

Limebaki jambo dogo la shule. Mwalimu wa darasa aarifiwe mapema, naye aambiwe ni nani atakayekuja siku ya kutembelea wanafunzi na ni nani atakayepokea ripoti mwisho wa muhula. Wazazi wasioweza kukaa benchi moja wagawane: mmoja aje muhula huu, mwingine ujao, na mtoto aijue zamu hiyo kabla hajafunga sanduku lake. Aliye kazini mbali aandike barua ikasomwe siku hiyo, na tarehe ya likizo yake asiitaje mpaka iwe imekwisha kutiwa sahihi na mkubwa wake.