Kipupwe Kimepita: Turudi Njiani kwa Hatua Ndogo

Shukrani zote anastahiki Allah (S.W.), aliyetujaalia afya kabla hatujaiomba. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na maswahaba zake.

Mwezi wa Mei mwaka jana, kikundi chetu cha mbio hapa Mbeya kilikuwa na watu kumi na mmoja. Baada ya swala ya Alfajiri tulikuwa tukivaa raba barazani pa msikiti, tukakimbia kilomita nane hadi kumi, kisha kila mmoja akaelekea kwenye riziki yake. Mwishoni mwa Juni walibaki wanne. Katikati ya Julai hakubaki hata mmoja, nasi tunaoandika haya tulikuwa miongoni mwa waliorudi kujifunika blanketi.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini hatuna theluji, lakini kipupwe tunakijua. Usiku wa Julai joto la Mbeya hushuka chini ya nyuzi kumi, na huko Kitulo na Makete umande huganda juu ya majani. Pamoja na baridi huja giza. Mwezi wa Juni jua letu huchomoza karibu na saa moja kamili asubuhi, ilhali ifikapo Oktoba huchomoza karibu na saa kumi na mbili na nusu. Nusu saa hiyo si ndogo kwa mtu anayetakiwa kukimbia kando ya barabara kuu ya Tunduma, ambako malori hayalali. Kwa hiyo kuacha kwetu kulikuwa na udhuru. Kosa letu lilikuwa katika namna tulivyorudi.

Aliyekianzisha kikundi hicho ni mzee mmoja wa msikiti wetu, dereva mstaafu wa malori, aliyeishi na kisukari kwa miaka mingi. Daktari wake alimhimiza kufanya mazoezi, naye hakutaka kufanya peke yake. Wiki ya kwanza ya Septemba alitushika mkono baada ya swala.

"Katibu, mwanangu, waambie vijana kesho tunatoka."

"Tuanze na kilomita ngapi, mzee wangu?"

"Zile zile kumi. Njia ni ile ile na miguu ni ile ile."

Njia kweli ilikuwa ile ile. Miguu haikuwa. Tulitoka watu tisa, tukakimbia kwa mwendo wa Mei, tukicheka na kutaniana. Kesho yake mmoja alishindwa kushuka ngazi kwa maumivu ya ugoko. Wa pili alivimba kano ya kisigino, akakaa miezi miwili bila kukimbia. Mzee wetu alimaliza kilomita zote kumi, wala hakulalamika. Ilipofika Adhuhuri, alipovua soksi ili atawadhe, kijana aliyekuwa jirani yake bombani aliona damu. Lengelenge kubwa lilikuwa limepasuka chini ya kidole gumba, na mwenyewe hakuwa amehisi chochote.

Hapo ndipo mchezo ulipogeuka kuwa jambo zito. Kisukari cha muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu ya miguu, hata mtu akapoteza hisia ya maumivu. Pia hupunguza mzunguko wa damu, hivyo kidonda kidogo huchelewa kupona na huweza kuoza. Wako wazee katika jamaa zetu waliokatwa mguu kwa jambo lililoanza na lengelenge. Kwa wiki sita tulipokezana kumpeleka mzee wetu kusafishwa kidonda, na kwa wiki sita hatukujua kama atabaki na kidole chake. Alhamdulillah, alibaki nacho. Siku moja njiani kutoka hospitali alituambia kwa sauti ya chini, "Nilitaka vijana waone kwamba sijapungua."

Tumeyafikiria sana maneno hayo, kwa kuwa yalikuwa yetu sote. Kila mmoja alitaka kuanzia pale alipouacha mwili wake mwezi wa Mei, wala si pale mwili ulipokuwa siku ile ya Septemba.

Wataalamu wa mazoezi wanatueleza kwa nini hilo ni hatari. Mtu anapoacha kukimbia, pumzi yake huanza kupungua ndani ya wiki chache. Anaporudi, moyo na mapafu huzoea tena upesi, na misuli hufuata. Mifupa na kano huchelewa zaidi kupata nguvu mpya. Basi katika wiki ya tatu au ya nne mtu hujiona amekuwa mzima, pumzi inamruhusu kwenda mbali, kumbe kisigino na ugoko bado havijawa tayari. Wengi huumia katika siku hizo za kujiona wazima.

Isitoshe, sisi tunaishi juu. Mji wa Mbeya uko takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na Iringa ni zaidi ya mita 1,500. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani. Aliyekaa Dar es Salaam au Tanga miezi mitatu akarudi nyumbani, asishangae kuhema kwa mwendo ambao huko ulikuwa mwepesi. Ajipe wiki mbili tatu za upole.

Katika dini yetu tuna mafunzo ya wazi juu ya jambo hili. Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud kwamba Bibi Aisha (R.A.) alishindana mbio na Mtume (S.A.W.) wakiwa safarini, naye akamshinda. Baadaye, mwili wake ulipokuwa umenenepa, walishindana tena, na safari hii Mtume (S.A.W.) akamshinda, akamwambia kuwa ushindi huo ni malipo ya ule wa kwanza. Mara nyingi hadithi hii hutajwa kuonyesha mapenzi ya mume na mke, nayo ni kweli. Lakini tuangalie msimulizi ni nani. Ni Bibi Aisha mwenyewe anayetueleza kwamba mwili wake ulikuwa umebadilika na kwamba alishindwa. Hakuficha wala hakuona haya. Alikubali mwili alionao siku ile, akakimbia nao.

Tena tumefundishwa kuwa amali zipendezazo zaidi kwa Allah (S.W.) ni zile zinazodumu hata zikiwa chache, na kwamba mwili una haki juu ya mwenyewe. Mtu anayekimbia kilomita kumi siku moja kisha akalala mwezi mzima hakuutimizia mwili haki yake. Anayetembea nusu saa mara tatu kwa wiki, mwaka mzima, yuko karibu zaidi na mafunzo hayo.

Mwaka huu, basi, tumepanga hivi. Wiki mbili za kwanza tunatoka siku tatu tu: Jumatatu, Jumatano na Jumamosi. Tunatembea dakika tano ili kupasha mwili moto, kisha tunakimbia dakika moja na kutembea dakika mbili, mara nane, na kumalizia kwa kutembea. Wiki ya tatu na ya nne tunakimbia dakika mbili na kutembea moja. Wiki ya tano na ya sita tunakimbia dakika tano na kutembea moja. Ifikapo wiki ya nane, inshaallah, aliye mzima ataweza kukimbia nusu saa bila kusimama. Kilomita tutazihesabu baada ya hapo. Hesabu hii inakubaliana na majira yetu, kwani kuanzia Septemba hadi mvua za Novemba njia ni kavu na baridi imepungua.

Kipimo cha mwendo wetu hakihitaji saa ya bei kubwa. Tukipishana na Muislamu akatusalimu, tuweze kumjibu salamu yote, hadi wabarakatuh, bila kukatika pumzi. Asiyeweza, amezidisha; apunguze mwendo.

Tulijifunza jambo jingine kwa ndugu zetu wa Iringa, tulipokwenda huko mwezi uliopita kwa shughuli ya ndoa. Anayetoka Ipogolo, jirani na Mto Ruaha Mdogo, hukabiliwa na mlima mkali hadi kufika mjini. Ndugu hao hawaukimbii mlima huo katika mwezi wa kwanza. Wanautembea, tena kwa mikono nyuma kama wazee wanaokwenda shambani, na hakuna anayemcheka mwenzake. Nasi wa Mbeya tumeamua kuziacha njia zinazopanda kuelekea Mlima Loleza hadi mwezi wa pili, na kuchagua barabara za vumbi za mitaani badala ya ukingo wa barabara kuu.

Kwa wenye kisukari na shinikizo la damu tumeweka sharti: aonane na daktari wake kwanza. Anayetumia insulini au baadhi ya vidonge vya sukari anaweza kuishiwa sukari akiwa njiani, kwa hiyo abebe kitu kitamu mfukoni na asitoke peke yake. Avae raba zisizobana na soksi safi zisizo na mshono mgumu. Anayepata maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi kusiko kwa kawaida, asimame hapo hapo na apelekwe hospitali. Asione aibu kukatisha mchakamchaka.

Kuhusu miguu, Allah (S.W.) ametupa neema ambayo hatujaitumia ipasavyo. Mara tano kwa siku tunaiosha. Tumefundishwa kupitisha kidole baina ya vidole vya miguu, na tumeonywa vikali tusiache visigino vikiwa vikavu. Basi udhu huo huo uwe pia wakati wa kuitazama miguu: je, kuna wekundu, mpasuko, lengelenge? Asiyeona vizuri, mjukuu wake amtazamie. Kidonda cha mzee wetu kilionekana siku ile ile kwa sababu ya udhu. Laiti kingekaa siku tatu ndani ya soksi, pengine leo tungeandika habari nyingine.

Tukiri na upungufu wetu mwingine. Dada zetu waliiomba kamati mahali pao pa kufanyia mazoezi tangu mwaka jana, nasi tuliwaacha miezi kadhaa bila jibu, kana kwamba presha na kisukari ni maradhi ya wanaume. Sasa kila Jumamosi, jua likishachomoza, wana uwanja wa madrasa, lango likiwa limefungwa na msimamizi wakiwa ni wao wenyewe. Wanatembea na kukimbia kwa mavazi yao ya stara.

Kwa yule anayedhani hijabu na mbio ndefu havipatani, tumkumbushe Sifan Hassan, Muislamu mzaliwa wa Ethiopia anayeikimbilia Uholanzi. Mwaka 2023 alijiandaa kwa marathoni yake ya kwanza, ya London, huku Ramadhani ikiendelea. Katikati ya mbio alisimama kujinyoosha kwa maumivu ya nyonga, wenzake wakamwacha, kisha akawafuata taratibu na kushinda. Mwaka uliofuata alishinda marathoni ya Olimpiki mjini Paris, akapanda jukwaani kupokea dhahabu akiwa amevaa hijabu.

Nasi Watanzania tunaye Alphonce Simbu. Alipata medali ya shaba ya dunia mjini London mwaka 2017, na dhahabu akaipata Tokyo mwezi Septemba 2025. Baina ya medali hizo mbili ni miaka minane ya kurudi njiani.

Sisi hatutafuti medali. Tunataka baba aweze kusujudu bila kushikwa mkono, mama ampande mjukuu mgongoni bila kuhema, na mwenye kisukari abaki na miguu yake miwili.

Jumatatu iliyopita tulitoka watu saba. Mzee wetu alikuwa wa kwanza barazani, akiwa na raba mpya na peremende mfukoni. Dakika ya kukimbia ilipoanza, yeye aliendelea kutembea, kama daktari alivyomwagiza. Vijana walipunguza mwendo wamsubiri. Akawapungia mkono.

"Tangulieni, wanangu. Mimi nafika."

Naye alifika, dakika kumi baada yetu. Akaketi barazani, akavua soksi, akaitazama miguu yake kwenye mwanga wa asubuhi, wa kulia kisha wa kushoto.

Wabillahi tawfiq.