Mkokoteni, jahazi la nchi kavu la Eastlands

KABLA ya mapambazuko, malori ya viazi kutoka Nyandarua na ya nyanya kutoka Kirinyaga huwa yameshapanga foleni kando ya soko la Wakulima, maarufu kama Marikiti, jijini Nairobi. Hapo ndipo safari ya lori inapokoma na ya mkokoteni inapoanza.

Lori haliwezi kupenya vichochoro vya Gikomba, wala kumfikia mama mboga wa Kaloleni, Maringo au Jericho ambaye pengine anahitaji gunia moja tu la viazi na kreti ya nyanya. Kazi ambayo jahazi hufanya baina ya visiwa vya pwani, ya kupeleka shehena ndogo mahali ambapo meli kubwa haitii nanga, ndiyo ifanywayo na mkokoteni baina ya mitaa ya Eastlands.

Chombo chenyewe huundwa na mafundi wa jua kali kwa ekseli ya gari kuukuu, magurudumu mawili, kitanda cha mbao na mikono miwili mirefu iliyounganishwa mbele kwa upau. Hakina injini wala breki ya kukanyaga. Kinachokisimamisha kwenye mteremko ni vipande vya tairi vilivyopigiliwa misumari mkiani. Mchukuzi huinua mikono juu, mkia ukashuka, mpira ukasugua lami.

Kupakia nako kuna elimu yake. Mzigo ukielemea nyuma, mikono humnyanyua mchukuzi hadi miguu ikaning'inia hewani. Ukielemea mbele, uzani wote humlalia viganjani. Kwa hivyo magunia mazito huwekwa juu ya ekseli, na mbele huongezwa kidogo tu. Nahodha wa jahazi angelielewa somo hilo bila kufafanuliwa.

Kutoka Marikiti, njia hufuata Landhies Road, ikapita kituo cha mabasi cha Machakos hadi mzunguko wa City Stadium, ambapo Jogoo Road huanzia. Mmoja huvuta, mwenzake husukuma kwa nyuma huku akipaza sauti, "Mzigo! Mzigo!" Matatu nazo hazina subira. Hata hivyo, Jogoo Road ni nafuu. Kibarua hasa ni kupanda kutoka bonde la Mto Nairobi, pale Gikomba, kuelekea Pumwani, hususan msimu wa masika ambapo tope hushika magurudumu.

Wengi wa wachukuzi hawamiliki mikokoteni wanayoivuta. Huikodi kwa siku, na kodi hulipwa mzigo upatikane usipatikane. Ujira aghalabu huafikianwa kwa gunia au kwa safari, si kwa kilo. Hapa ndipo lumbesa linapomuumiza.

Lumbesa ni gunia lililojazwa kupita mdomo wake, kisha likashonewa kilemba juu ili libebe zaidi. Mnamo 2005, kanuni ziliweka uzani wa gunia la viazi kuwa kilo 110. Kanuni za viazi za mwaka 2019, zilizotungwa chini ya Sheria ya Mimea ya 2013, zikaupunguza hadi kilo 50. Licha ya hayo, magunia makubwa yameendelea kuingia sokoni, kwa kuwa mnunuzi hupata viazi vingi kwa bei ya gunia moja.

Tofauti yake ni kubwa. Magunia sita ya kilo 50 ni kilo 300. Magunia sita ya lumbesa, yakiwa na kilo 150 kila moja, ni kilo 900. Mkokoteni ni ule ule, barabara ni ile ile, na hesabu ya malipo bado ni magunia sita.

Mjadala wa lumbesa nchini kwa kawaida humhusu mkulima anayepunjwa, na ni haki yake. Mgongo wa mchukuzi hutajwa kwa nadra. Ilhali tangu 1967 Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilipendekeza mzigo unaobebwa na mwanamume mmoja usizidi kilo 55, na magunia haya hushushwa kwa bega kutoka lorini kabla ya kufika mkokotenini.

Ushindani pia umezidi. Baada ya serikali kuondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo mnamo 2008, bodaboda zilitwaa mizigo myepesi iliyokuwa ikilipa vyema kwa jasho dogo. Mkokoteni ukaachiwa mizigo mizito ya masafa mafupi. Kafyu ya Machi 2020, iliyozuia watu kutoka nje hadi saa kumi na moja alfajiri, nayo iliwanyima wachukuzi zile saa ambazo barabara huwa tupu na malori hupakuliwa.

Adhuhuri, soko likipoa, baadhi ya wachukuzi hubadilisha shehena. Mifereji ya mitaa inapokauka, mikokoteni hupakiwa mitungi ya maji na kuzungushwa plotini. Mitungi 20 ya lita 20 ni kilo 400, si mzigo wa mzaha. Lakini mtungi haushonewi kilemba, na mchukuzi hujua anachovuta kabla hajashika mikono ya mkokoteni.