Wishwa, ngao ya tumbo na mpunga wa Ozi

Asidi ya tumboni ni kali kuliko siki, na mara nyingi kuliko ndimu. Tumbo la mtu mzima hutoa takriban lita 2 za maji yenye asidi hiyo kila siku, na kazi zake ni za lazima: huua vijidudu vingi vinavyoingia na chakula, huamsha kimeng'enya kinachovunja protini, na huusaidia mwili kupata madini ya chuma na vitamini B12. Seli za ukuta wa tumbo huimwaga zikipata amri ya neva, ya homoni ya gastrini na ya histamini. Amri hiyo huanza kabla ya tonge la kwanza, maana harufu ya samaki wa kupaka peke yake inatosha. Kinacholizuia tumbo lisijile lenyewe ni ute mzito uliochanganyika na bikaboneti, uliotanda juu ya ukuta wote, pamoja na seli za ukuta huo ambazo hufanywa upya kila baada ya siku chache.

Katika delta ya Tana, kuanzia Garsen hadi Kipini, anayejishika penye chembe cha moyo na kusema tumbo linawaka asidi, mara nyingi ana moja kati ya shida mbili zisizofanana. Ya kwanza ni kiungulia. Hapo asidi ni ya kiasi cha kawaida, ila imepanda kwenye umio kwa kuwa msuli unaofunga njia kati ya umio na tumbo umelegea au umesukumwa. Ujauzito, kitambi, sigara na mlo mzito wa usiku huchangia. Ya pili ni kidonda: ngao ya ute imepata upenyo na asidi inachoma nyama. Kidonda cha utumbo wa kwanza huuma zaidi tumbo likiwa tupu, hata kumwamsha mtu usiku wa manane, na hutulia kidogo akila. Ugonjwa wa tumbo kutoa asidi bila breki upo kweli, na madaktari Zollinger na Ellison wa Marekani waliueleza mwaka 1955, lakini ni nadra sana.

Kinachotoboa ngao kinajulikana kwa sehemu kubwa. Mwaka 1982 Robin Warren na Barry Marshall, huko Perth, Australia, waliotesha bakteria anayeishi ndani ya ute wa tumbo, Helicobacter pylori. Mwaka 1984 Marshall alikunywa mchuzi wenye bakteria hao ili kuthibitisha kwamba wanaliathiri tumbo, naye akaugua. Mwaka 2005 wawili hao walipewa tuzo ya Nobel. Bakteria huyu hudhoofisha ngao na, kwa baadhi ya watu, huchochea gastrini hadi asidi ikaongezeka kweli. Mkosaji wa pili ni dawa za maumivu za jamii ya aspirini, ibuprofeni na diklofenaki, ambazo mkulima mwenye mgongo unaouma huzinunua dukani bila cheti. Dawa hizo huzuia kemikali inayouamuru ukuta wa tumbo kutengeneza ute.

Lakini maelezo hayo hayamalizi jambo. Katika Afrika Mashariki, kama ilivyo sehemu kubwa ya bara hili, watu wengi huambukizwa bakteria huyu wakiwa watoto, na wengi wao huishi hadi uzeeni bila kidonda. Mwaka 1992 daktari Holcombe, aliyekuwa amefanya kazi kaskazini mwa Nigeria, aliliita jambo hili fumbo la Afrika. Aliyekuwa ameanza kulichokonoa fumbo hilo, hata kabla bakteria hajajulikana, ni Frank Tovey.

Tovey alikuwa daktari wa upasuaji, Mwingereza, aliyefanya kazi miaka ya 1950 na 1960 katika hospitali ya misheni mjini Mysore, kusini mwa India. Aliwapasua wagonjwa wengi wa vidonda, na alikuwa na tabia ambayo kila daktari wa mashambani angestahili kuiiga: aliuliza mgonjwa ametoka wapi na kwao wanakula nini. Aliona kwamba vidonda vya utumbo wa kwanza vilijaa kusini, kwa walaji wa mchele, na vilikuwa haba kaskazini, kwa walaji wa ngano isiyokobolewa sana. Mwaka 1975, akiwa na mwenzake Tunstall, alichapisha uchunguzi wa namna hiyo hiyo kuhusu Afrika kusini mwa Sahara, na hapa pia vidonda vilikuwa vingi mahali fulani na haba mahali pengine.

Hoja yake haikuwa kwamba mchele ni sumu. Alishikilia kwamba nafaka ambazo hazijakobolewa sana, pamoja na baadhi ya jamii ya kunde, zina mafuta yanayoimarisha ngao ya tumbo, na kwamba mashine inayong'arisha mchele huyaondoa mafuta hayo pamoja na pumba. Kisha yeye na wenzake walifanya majaribio kwa panya, na matokeo waliyoyachapisha miaka ya 1980 yanastahili kusomwa polepole na kila mtu anayeishi kando ya shamba la mpunga. Mchele na pumba zake vikiwa vipya vilikuwa na kinga. Vilipokaa muda mrefu baada ya kukobolewa, kinga ilipotea, na mafuta yale yale, sasa yamechacha, yalizidisha vidonda.

Sababu ya kuchacha imo ndani ya punje. Punje ya mpunga imefungwa kwa kapi gumu nje. Chini ya kapi pana utando mwembamba wa rangi ya kahawia wenye mafuta, na ndani kabisa ndiko kwenye wanga mweupe. Mpunga ukiwa na kapi lake, mafuta ya utando yametengwa na kimeng'enya kinachoyavunja, na unaweza kukaa ghalani miezi mingi. Mara tu kapi linapovuliwa na utando kukwaruzwa, viwili hivyo hukutana na mafuta huanza kuharibika siku hiyo hiyo.

Mchele wa kinu ulilikwepa jambo hilo bila mtu kulitaja. Mpunga ulihifadhiwa na kapi lake, ukatolewa wa kutosha mlo wa siku moja au mbili, ukaanikwa kidogo, ukatiwa kinuni. Mtwango wa kwanza huvua makapi, na ungo huyapeperusha. Mtwango wa pili, wa kupwaya, husugua punje kwa punje, na unga laini wa kahawia, yaani wishwa, huanza kujikusanya chini ya kinu. Kinu hakiumalizi wishwa wote, hata mikono iwe hodari namna gani. Punje hutoka na michirizi myekundu au ya kahawia, chenga zikiwa zimechanganyika na punje nzima, na wali wake huwa na harufu ambayo mchele wa gunia hauna. Utando huo uliobaki kwenye punje, mpya wa siku ile, ndio hasa Tovey aliokuwa akiutafuta.

Ozi ni kijiji cha Wapokomo karibu na mahali Tana inapoingia baharini, na mpunga wake ulilimwa kwa namna ya pekee. Maji ya bahari yakijaa huusukuma mto urudi nyuma; maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, hivyo hupanda juu, hujaa hadi kingo na kuingia mashambani kupitia mifereji midogo. Bahari ilimwagilia mpunga bila kuugusa. Utaratibu huo unahitaji mto wenye nguvu. Kati ya 1968 na 1988 Tana ilijengewa mabwawa ya Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere, maji ya mto yanatumiwa kwingi zaidi, na katika miaka ya karibuni chumvi imepanda hadi mashambani Ozi, ikaua mpunga na kuikausha miembe. Mkulima aliyekuwa na mpunga ghalani sasa hununua mchele uliokobolewa ukang'arishwa, uliokaa kwenye magunia safari nzima.

Je, tumbo la Ozi limepoteza kitu pamoja na shamba lake? Panya si watu, na ramani ya vidonda si uthibitisho. Hata hivyo Tovey hakurudi nyuma: mwaka 2006, tuzo ya Nobel ikiwa imeshatolewa, aliandika na wenzake kwamba bakteria huzuia kidonda kupona na kukifanya kirudi, lakini si lazima awe ndiye aliyekianzisha. Tiba ya leo haikumfuata, kwa sababu nzuri: bakteria akiondolewa, vidonda vingi hupona na havirudi. Lakini swali lake la nani huugua na nani huponyoka kati ya wote walioambukizwa bado ni halali, na delta inayobadili mchele wake katika kizazi kimoja ilikuwa mahali pa kuliuliza.

Kuitawala asidi huanza na kujua ni shida ipi. Kwa kiungulia, chakula cha usiku kiwe kidogo na kiliwe saa tatu kabla ya kulala, miguu ya kitanda upande wa kichwani iinuliwe kwa tofali, na mtu alalie ubavu wa kushoto. Magadi ya kupikia hupoza haraka, lakini yana sodiamu nyingi, na kwa anayekunywa maji ya kisima chenye chumvi huo ni mzigo juu ya mzigo. Maziwa hutuliza kwa muda mfupi, kisha huliamsha tumbo kutoa asidi tena. Omeprazoli humezwa nusu saa kabla ya chai ya asubuhi, kwa sababu hufunga pampu za asidi zinapoamka kwa ajili ya chakula, na haifai kumezwa mwaka baada ya mwaka bila daktari kujua.

Anayeshukiwa kuwa na kidonda hupimwa bakteria, kwa kawaida kwa choo. Akipatikana naye, hupewa antibiotiki mbili au zaidi pamoja na omeprazoli kwa siku 14, azimalize zote, kisha apimwe tena wiki 4 au zaidi baada ya kumaliza, akiwa ameacha omeprazoli kwa wiki 2 ili kipimo kisidanganye. Dawa za maumivu zilizotajwa juu huachwa, na parasetamoli huchukua nafasi yake. Kutapika damu, chakula kukwama kooni, kukonda bila sababu na choo cheusi kama lami hutaka hospitali siku hiyo hiyo. Vidonge vya madini ya chuma navyo hufanya choo kiwe cheusi, kwa hiyo mama mjamzito amweleze mhudumu kama anavimeza.