Utandawazi na Mombasa: Nani huamua shehena ituliwe wapi?

NENO utandawazi lilipoanza kuzoeleka katika magazeti na vyumba vya madarasa nchini, wengi walilichukulia kuwa jina la jambo jipya. Kwa wakazi wa Kisiwa cha Mombasa, jambo lenyewe lilikuwa la kale. Majahazi ya Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi yalikuwa yakitia nanga Mvita karne nyingi kabla ya Vasco da Gama kufika mwaka 1498, na msikiti wa Mandhry katika Mji wa Kale ulikuwa umekwisha kujengwa Wareno walipoanza kusimamisha Ngome Kuu mwaka 1593.

Kwa hivyo, swali la iwapo Mombasa iufungulie ulimwengu mlango lilijibiwa zamani. Linaloendelea kuwagawanya wakazi, wanasiasa na mahakama ni jingine: ulimwengu unapobadilisha njia ya kusafirisha bidhaa, ni nani huamua shehena ituliwe wapi, na kazi inayoandamana nayo imwendee nani? Mombasa imekabiliwa na swali hilo angalau mara tatu.

Kutoka jahazi hadi meli

Mara ya kwanza ilikuwa mwishoni mwa karne ya 19. Biashara yote ilikuwa ikipitia upande wa mashariki wa kisiwa, katika forodha iliyo karibu na mitaa ya Mji wa Kale. Majahazi yalishuka na upepo wa kaskazi yakileta tende, mazulia na samaki wa chumvi, na kurejea na kusi yakiwa na boriti, nafaka na pembe za ndovu. Nahodha, dalali, mwenye ghala na hamali waliishi hatua chache kutoka majini, na fedha ya msimu ilizunguka mitaani humo humo.

Ujenzi wa reli ya Uganda ulioanza Mombasa mwaka 1896, pamoja na meli kubwa za mvuke, ulihitaji maji ya kina kirefu. Maji hayo yalikuwa magharibi mwa kisiwa, Kilindini, na katika miaka ya 1920 zikajengwa huko gati za meli kubwa zilizounganishwa na reli moja kwa moja. Shehena haikuhitaji tena kupita mikononi mwa wafanyabiashara wa Mji wa Kale. Wakati huo, makao makuu ya utawala wa Kiingereza yalikuwa yamekwisha kuhamishiwa Nairobi, mwaka 1905.

Majahazi hayakutoweka siku moja. Yaliendelea kuja kila msimu, lakini yakipungua. Utajiri wa mafuta uliwapa watu wa Ghuba kazi nyingine, na mwaka 1982 serikali ya Kenya ikapiga marufuku usafirishaji wa boriti za mikoko nje ya nchi, ambazo zilikuwa shehena kuu ya kurudi nayo. Uamuzi huo ulikuwa na sababu ya kuhifadhi misitu, lakini ulikata uzi mmojawapo wa mwisho uliokuwa ukiiunganisha Bandari ya Kale na bahari ya mbali.

Kontena na mwisho wa gunia

Kilindini nayo ilizaa jamii yake. Kupakua meli kulihitaji mikono mingi: kila gunia, kasha na mtumba ulibebwa na makuli kutoka tumbo la meli hadi ghalani. Mikono hiyo ikawa na nguvu ya kisiasa. Wafanyakazi wa bandari waligoma mwaka 1939, na Januari 1947 mgomo mkuu uliosimamisha shughuli mjini ukazaa shirikisho la wafanyakazi wa Kiafrika lililoongozwa na Chege Kibachia. Mgomo wa mwaka 1955 ulimfikisha Tom Mboya Mombasa kusaidia kutafuta suluhu. Serikali ya kikoloni ililazimika kusikiliza kwa sababu moja iliyo wazi: bila makuli, shehena haikusonga.

Kontena lilibadilisha hesabu hiyo. Sanduku la chuma linalofungwa kiwandani Asia au Ulaya huinuliwa na kreni na kuwekwa juu ya lori au behewa kwa dakika chache. Zaidi ya hayo, halilazimiki kufunguliwa ufukweni. Linaweza kusafiri likiwa na lakiri hadi mahali popote penye maafisa wa forodha. Bandari kavu ya Embakasi, Nairobi, ilifunguliwa mwaka 1984, na kuanzia hapo ikawezekana mzigo upite Mombasa bila Mombasa kuugusa.

Kwa miongo mitatu uwezekano huo haukuuumiza mji sana. Makontena mengi yaliendelea kutolewa bandarini na kusafirishwa kwa malori. Biashara ilikua, na mwaka 2014 bandari ilivuka kiwango cha makontena milioni moja, kwa hesabu ya kontena za futi 20. Wenye malori, madereva na matingo wao, mawakala wa forodha, wenye maghala, mafundi wa gereji, wauza vipuri na wapishi wa mikahawa ya Changamwe, Miritini na Mariakani walikuwa wamechukua nafasi ya makuli wa zamani.

Reli na mkopo

Hapo ndipo lilipokuja badiliko la tatu. Reli ya kisasa, SGR, ya kilomita 472 kutoka Mombasa hadi Nairobi, ilijengwa na kampuni ya China Road and Bridge Corporation kwa fedha ambazo sehemu yake kubwa ilikopwa kutoka Benki ya Exim ya China. Ilizinduliwa Mei 31, 2017, na treni za mizigo zikaanza kazi Januari 2018.

Haingekuwa haki kuieleza reli hiyo kama hasara tupu. Safari ya abiria iliyokuwa ikichukua usiku mzima kwa treni ya zamani ilipungua hadi saa tano au sita. Barabara ya Mombasa hadi Nairobi, inayojulikana kwa ajali na misongamano, ilihitaji kupunguziwa malori. Ugumu ulitokana na jinsi mkopo ulivyotarajiwa kulipwa. Katika mkataba wa mwaka 2014, Halmashauri ya Bandari iliahidi kuipatia reli kiasi maalumu cha mizigo kila mwaka, na kufidia upungufu iwapo kiasi hicho hakingefikiwa. Treni ililazimika kujaa, mwenye mzigo atake asitake.

Agosti 2019 ikatolewa amri kwamba mizigo yote iliyoagizwa kutoka nje ikielekea Nairobi na maeneo ya bara isafirishwe kwa SGR. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi uliofanywa kwa ajili ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa ulikadiria mwaka huo kwamba ajira karibu 3,000 zilikuwa zimekwisha kupotea, na kwamba nyingine maelfu zingefuata iwapo amri ingetekelezwa kikamilifu. Watetezi wa haki, wenye malori na vijana wakaandamana mjini kila Jumatatu. Mapema Oktoba serikali ikasimamisha amri hiyo, na Novemba 2020 Mahakama Kuu mjini Mombasa ikaamua kuwa ilikiuka Katiba.

Siasa nazo zikafuata. Katika kampeni za uchaguzi wa mwaka 2022, kurejeshwa kwa shughuli za bandari kulikuwa ahadi kuu Pwani. Rais William Ruto alipoapishwa Septemba 13 mwaka huo, alitumia hotuba yake ya kwanza kutangaza kwamba utoaji wa mizigo utarudishwa Mombasa. Miezi miwili baadaye, serikali yake ilipochapisha sehemu ya mikataba ya SGR, Wakenya walisoma kwamba mkopo huo unaongozwa na sheria za China na kwamba mizozo juu yake husuluhishwa Beijing. Dereva wa Changamwe aliyedhani riziki yake inaamuliwa Nairobi akagundua kwamba hata Nairobi ilikuwa imefungwa mikono.

Ufaransa nako

Hali hii si ya nchi maskini pekee. Ufaransa, mojawapo ya mataifa tajiri zaidi duniani, imepita njia inayofanana nayo. Mwaka 1999, mkulima José Bové na wenzake walibomoa mkahawa wa McDonald's uliokuwa ukijengwa mjini Millau, wakilalamikia ushuru wa Marekani dhidi ya jibini lao. Mei 2005, karibu asilimia 55 ya wapiga kura waliikataa katiba ya Muungano wa Ulaya. Aprili 2017, siku chache kabla ya duru ya pili ya uchaguzi wa rais, Emmanuel Macron na Marine Le Pen walikwenda siku moja katika kiwanda cha Whirlpool mjini Amiens, ambacho kazi yake ya kutengeneza mashine za kukaushia nguo ilikuwa ikihamishiwa Poland. Mwaka uliofuata, vizibao vya njano vikajaa barabarani kupinga kodi ya mafuta.

Tofauti ipo. Kazi ya Amiens ilivuka mpaka, ilhali kazi ya Mombasa ilihamia ndani ya nchi hiyo hiyo. Lakini lalamiko ni moja. Mfanyakazi hutakiwa kuvumilia kwa ajili ya uchumi wa taifa, na faida ya taifa hilo haonyeshwi inamrudia kwa njia gani. Pwani ya Kenya, uchungu huo huangukia kidonda cha zamani cha ardhi na cha ukanda wa maili kumi uliowahi kuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Kundi la MRC, lililoanzishwa mwaka 1999, lilipata wafuasi wa kaulimbiu ya "Pwani si Kenya" miongoni mwa watu walioona bandari ikitajirisha wengine.

Mjadala haujaisha. Mwaka 2023, mpango wa kukodisha baadhi ya gati za Mombasa kwa wawekezaji ulipingwa vikali na wafanyakazi. Mwaka huo huo, Tanzania iligawanyika kuhusu kuipa DP World ya Dubai uendeshaji wa sehemu ya bandari ya Dar es Salaam, na mikataba ikatiwa saini Oktoba. Wanaotetea hatua kama hizo wana hoja: meli zinazidi kuwa kubwa, mitambo ni ghali, na mwenye mzigo wa Kampala au Kigali ana hiari ya kuchagua bandari. Mwaka 2024 Mombasa ilihudumia takriban makontena milioni mbili, na haiwezi kubaki hapo kwa kufunga milango.

Mji wa Kale wenyewe una ushahidi kwamba cha kutoka nje kinaweza kupokewa bila mwenyeji kupoteza neno lake. Kanga zilizouzwa Mombasa kwa zaidi ya karne moja zilichapwa Ulaya, India na Japani, lakini maneno yaliyo juu yake yalitungwa na Waswahili. Mfanyabiashara aliagiza kitambaa nje, na mteja wa hapa akaamua kiseme nini.

Katika shughuli za bandari, nafasi kama hiyo ya kusema imekosekana mara nyingi. Amri ya mwaka 2019 ilitolewa bila wananchi kushirikishwa ipasavyo, ingawa Katiba ya 2010 inataka hivyo. Mikataba ya reli ilifichwa kwa miaka minane. Mikataba ijayo ya gati inaweza kuwekwa hadharani kabla ya kutiwa saini, na mapato ya bandari yanaweza kugawanywa kwa kanuni ambayo mkazi wa Kuze au Jomvu anaweza kuisoma na kuihoji.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mombasa imempokea mgeni tangu enzi za majahazi. Sehemu ya pili ya methali hiyo ndiyo inayodaiwa hadi leo.