Hela za Ruzuku Haziishii Kilabuni

Nikimaliza kuzungumza juu ya ruzuku za kaya maskini, iwe kwenye semina ya madiwani, redioni au hata msibani, mkono wa kwanza kunyooshwa huja na swali lile lile: "Ukimpa maskini hela mkononi, si atazinywa?" Nimelijibu kwa upole kwa muda mrefu. Leo naliandikia, ili atakayeuliza tena nimpe gazeti asome mwenyewe.

Jibu ni hapana, na halikupatikana kwa kukisia. Mwaka 2014 watafiti wawili wa Benki ya Dunia, David Evans na Anna Popova, walizikusanya tafiti 19 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini zilizopima matumizi ya pombe na tumbaku katika kaya zilizopewa fedha taslimu. Karibu zote hazikuona ongezeko lolote, na baadhi ziliona matumizi hayo yakishuka. Ng'ambo ya mpaka wetu, Siaya, magharibi mwa Kenya, Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walizifuatilia kaya zilizotumiwa fedha kwa M-Pesa bila sharti lolote, wakazilinganisha na kaya ambazo hazikupata. Chakula kiliongezeka, mifugo ikaongezeka, nyumba za nyasi zikaezekwa bati. Pombe haikuongezeka. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2016.

Hapo muulizaji hutabasamu: "Nani atakiri kwa mtafiti kwamba amelewa?" Sawa, twende Monrovia. Christopher Blattman na wenzake waliwachukua vijana wa kiume wa mitaani katika mji mkuu huo wa Liberia, wengi wao wezi wadogo, wauza dawa za kulevya na watumiaji wa dawa hizo, wakawapa baadhi yao dola 200 taslimu kila mmoja. Kama kuna watu ambao ungeapa kwamba watazinywa, ni hao. Walinunua nguo, chakula, mahali pa kulala na bidhaa za kuchuuza. Na kwa kuwa watafiti nao walihofia kudanganywa, waliwatuma watu wakashinde na baadhi ya vijana hao kwa siku kadhaa, wakiongea nao na kuwatazama wanavyoishi, ili kulinganisha na walichojibu kwenye dodoso. Hawakukuta dalili kwamba ulevi ulikuwa unafichwa.

Kwa nini basi imani hii haifi? Kwa sababu ya siku ya malipo. Watu wamekaa chini ya mwembe karibu na ofisi ya kijiji tangu asubuhi, majina yanaitwa, na jioni mzee mmoja anapita njiani akiyumba na kuimba. Kesho yake kijiji kizima kinamzungumza yeye. Hakuna anayesimulia kwamba mama fulani alinunua unga, madaftari manne na mche wa sabuni, akaenda zake nyumbani. Na yule mzee alikuwa akinywa kabla ruzuku haijafika kijijini: kwa mkopo, kwa kibarua cha siku moja, kwa kuku wa mkewe. Halafu wanaosimama kwenye foleni ile ya TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, wengi wao ni wanawake. Anayesema "watazinywa" awatazame hao, halafu aniambie ni yupi anayemtuhumu.

Linaloniudhi zaidi ni matokeo ya imani hii. Nimemsikia mtu mzima, mwenye mshahara na bia yake mezani, akisema kwa uhakika kwamba mama wa Chamwino, Dodoma, hawezi kukabidhiwa shilingi elfu ishirini. Kauli za namna hiyo zinafika kwenye vikao vya bajeti. Zinapunguza viwango, zinaongeza masharti, zinahalalisha ucheleweshaji.

Sasa tazama elfu ishirini inafanya nini hasa. Chukua mama mwenye watoto wanne na ekari mbili za mtama Dodoma. Mvua inaanza Desemba. Ghala lilikwisha zamani. Januari magugu yanapanda, na ndiyo Januari ile ile watoto hawana cha kula. Anafanya nini? Anaamka alfajiri anakwenda kupalilia shamba la jirani mwenye uwezo, analipwa unga wa siku hiyo, anarudi jua limeshazama. Wiki mbili tatu anazopalilia kwa mwenzake ndizo mtama wake unazongwa na magugu. Mwezi wa sita anavuna magunia machache kuliko shamba lile lilivyoweza kutoa. Ghala linaisha mapema tena, na Januari ijayo inamkuta pale pale. Huyu mama si mvivu; anafanya kazi kuliko mimi na wewe, ila anaifanya kwenye shamba la mtu mwingine katika wiki zisizo na mbadala.

Mpe hela ya unga ya wiki hizo, utakuwa umemnunulia muda wa kupalilia chake. Hapo ndipo maisha ya kaya yanapogeuka, na ndiyo maana ruzuku ndogo hufanya kazi kubwa kuliko tarakimu zake. Vivyo hivyo kwenye kuuza. Kagera wanaifahamu butura: mkulima anayebanwa na shida anauza kahawa ikiwa bado ua juu ya mti, kwa bei anayoitaka mnunuzi. Mwenye akiba kidogo mfukoni anasubiri ikomae. Vivyo hivyo dukani. Kabla ya ruzuku, Mangi mwenye duka ana daftari lenye jina la mama huyu na ukurasa mzima wa madeni: chumvi, mafuta ya kupima, kiberiti, sukari ya uji. Deni likizidi anakataliwa, hata mtoto akiwa na homa. Mara nyingi malipo ya kwanza yanakwenda kuufuta ukurasa ule. Kwa macho ya mpita njia hela "imepotea", hakuna hata kuku wa kuonyesha. Kumbe mama amerudishiwa uwezo wa kukopeshwa siku ya dharura.

Kwetu Tanzania hili lilipimwa mapema. Kuanzia mwaka 2010 TASAF ilijaribu malipo haya katika vijiji vya Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, dola 12 hadi 36 kwa kaya kila miezi miwili. Vijiji 80 viliingia kwenye tathmini. 40 vilianza, 40 vikasubiri. Watoto wa kaya zilizolipwa walivaa viatu kuliko wenzao, kuku na mbuzi wakaongezeka, na kaya zikaanza kulipia matibabu kwa bima ya CHF (Mfuko wa Afya ya Jamii) badala ya kuuza kitu kila mtu anapougua. Baadaye mpango ukapanuliwa nchi nzima na kufikia zaidi ya kaya milioni moja.

Na wale wanaohofia mfumuko wa bei? Siaya tena, kati ya mwaka 2014 na 2017: zaidi ya kaya 10,500 zilipewa takriban dola 1,000 kila moja. Bei zilipanda kwa wastani wa asilimia 0.1. Kila dola moja iliyoingia ilizalisha kama dola mbili na nusu katika uchumi wa eneo lile, kwa sababu hela ya mlengwa ilikwenda kwa fundi, kwa mwenye duka na kwa mwenye bodaboda, ambao hawakuwa kwenye orodha. Mwaka 2025 watafiti wakatoa hesabu nyingine ya eneo hilo hilo: wakati wa malipo, vifo vya watoto wachanga wa chini ya mwaka mmoja vilipungua karibu nusu. Mama aliye na hela alipunguza kazi nzito mimba ilipokuwa kubwa na akajifungulia hospitali. Anayeuliza habari za pombe anisaidie kuulizia na hilo.

Fedha ina mipaka yake na sitaificha. Haiajiri daktari: kule Siaya nafuu kubwa ya watoto ilionekana kwa waliokaa karibu na kituo chenye madaktari. Haileti mwalimu wa hisabati. Ikiwa ndogo mno au ya kushtukiza, inaliwa na kwisha, na kaya inabaki ilipokuwa.

Kuna na wale wa "usimpe samaki, mfundishe kuvua". Huyu mama ameshika jembe tangu utotoni. Upungufu wake ni mbegu na wiki mbili za nafasi. Semina ya ujasiriamali ya siku tatu, yenye soda na biskuti, haimpi hata kimoja. Wala mbuzi si dawa kwa mtu mwenye njaa: atamuuza mnadani kwa bei ya kutupa, na nusu ya thamani uliyotoa itaishia kwa mlanguzi.

Wewe unayemtumia mama kijijini, na ninyi wenye mifuko ya jamii na vikundi vya misaada, fanyeni hivi. Tumeni kabla ya kupanda na wakati wa palizi, si baada ya mavuno. Taja tarehe na uishike, kwa sababu hela inayojulikana siku yake inapangiwa, na ya kushtukiza inazimia moto. Ukitaka kaya ipate mlo mzuri, toa kidogo kila mwezi. Ukitaka bati au ng'ombe, toa kwa mkupuo. Tuma kwenye laini ya mama mwenyewe, ongeza na ya kutolea ili makato yasimle. Usidai risiti ya unga. Na kama wewe ni mlengwa wa TASAF na umekatwa au umerukwa, peleka malalamiko kwa maandishi kwenye kamati ya kijiji, na nakala wilayani.

Na waheshimiwa madiwani, mkitaka jambo la kulikalia kikao, acheni vilabu, fuatilieni kalenda. Malipo yanayotakiwa Januari yakifika Machi, palizi imeshapita na mtama umeshaliwa na magugu. Simameni mdai ruzuku ya Januari ilipwe Januari.