Kung'arisha Rangi ya Gari kwa Mashine

Watu wengi hudhani kwamba mashine ya kung'arishia huongeza kitu juu ya rangi ya gari, kama dawa ya viatu inavyoongezwa juu ya ngozi. Kwa hakika kazi yake ni kinyume cha hapo: hukwangua. Tabaka jembamba la juu, lililochakaa kwa jua na kuchubuliwa na vumbi, huondolewa ili lile lililo zima chini yake lionekane. Tabaka hilo halioti tena. Kwa hiyo anayeshika mashine hii hutumia akiba isiyorudi, na kuchagua mashine ni kuamua akiba hiyo itumike kwa kasi gani.

Gari la siku hizi kwa kawaida hupakwa matabaka manne kiwandani: la kuzuia kutu, la kusawazisha, la rangi yenyewe, na juu kabisa vanishi isiyo na rangi. Yote kwa jumla huwa na unene wa mikromita 100 hadi 150 hivi. Vanishi peke yake huwa mikromita 35 hadi 50, nyembamba kuliko unywele wa kawaida. Ndani yake zimo kemikali zinazofyonza mionzi ya urujuanimno. Vanishi ikipunguzwa mno, kinga hiyo hupungua pia. Jua kali la nchi za ikweta hukatakata minyororo ya polima iliyobaki, na baada ya muda vanishi hubambuka kama gamba la nyoka. Magari mengi ya kabla ya miaka ya 1980 hayakuwa na vanishi hata kidogo. Njia ya kutambua ni rahisi: sugua kwa polishi na kitambaa cheupe mahali pasipoonekana. Kitambaa kikichukua rangi ya gari, hakuna vanishi hapo.

Uso laini huakisi mwanga kwa mpangilio mmoja, ndiyo maana hufanana na kioo. Mikwaruzo huutawanya mwanga huo kila upande. Mwanafunzi akilitazama boneti jeusi chini ya taa ya barabarani, ataona mikwaruzo imeizunguka taa kama utando wa buibui. Akisogea hatua mbili, utando nao husogea. Mikwaruzo yenyewe imeelekea pande zote. Ila ni ile tu iliyokaa kuizunguka taa inayorudisha mwanga wake machoni, na iliyobaki haionekani. Mingi ya mikwaruzo hiyo hutokana na gari kufutwa vumbi kwa kitambaa kikavu. Chembe za mchanga, zenye ugumu unaofikia 7 katika kipimo cha Mohs, huburutwa juu ya vanishi, ambayo ni laini mno kuliko hizo.

Mashine zenyewe ni za namna mbili. Ya kwanza huzungusha pedi yake kwenye mhimili mmoja. Pedi yenye kipenyo cha sentimita 18 ina mzingo wa sentimita 56.5, ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, ukingo wake hukimbia mita 14 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 50 kwa saa, hali kitovu chake hakisogei. Mashine hii hukata haraka, na katika mikono migeni huunguza haraka vilevile.

Ya pili huipeleka pedi katika duara dogo, mathalani la kipenyo cha milimita 8, na papo hapo kuiacha ijizungushe yenyewe. Kwa miduara 4,800 kwa dakika, mwendo wa duara hilo ni mita 2 tu kwa sekunde. Ikikandamizwa mno, pedi huacha kujizungusha, na ukataji hupungua. Hiyo ndiyo imfaayo anayejifunza, japo kazi itachukua muda mrefu zaidi.

Wako mafundi wanaofunga sponji kwenye grainda ya kukatia vyuma. Grainda ndogo huweza kuzunguka mara 11,000 kwa dakika. Pedi ya sentimita 12.5 juu yake ingefikia mita 72 kwa sekunde, kasi ambayo pedi za kung'arishia hazikuundiwa: mbali na kuunguza rangi, zinaweza kupasuka na kumrukia fundi usoni.

Joto la msuguano ndilo adui mkubwa. Bamba la chuma hulisambaza; bampa la plastiki hulihifadhi pale pale, na rangi hulainika kabla mkono haujashtuka. Kwenye kingo na mikunjo ya bodi, uzito wote wa mashine huangukia mstari mmoja, tena mara nyingi rangi hapo ni nyembamba. Fundi mwangalifu huzibandika kingo hizo tepu ya karatasi kabla ya kuanza.

Gari huoshwa kwanza, likaegeshwa kivulini hadi lipoe. Jaribio hufanywa kwenye mraba wa sentimita 40 kwa pedi laini na polishi hafifu. Zisipotosha ndipo zishikwe kali zaidi, na ngozi ya kondoo iwe ya mwisho kufikiriwa. Chembe za polishi, nyingi zikiwa oksidi ya alumini, husuguliwa polepole kwa mistari inayopandana, pedi ikilala bapa na isiachwe mahali pamoja. Penye kipima unene cha sumaku, vipimo vichukuliwe kabla na baada. Visipokuwapo, mkwaruzo unaonasa ukucha uachwe ulivyo, kwani kuufuta kunaweza kumaliza vanishi yote iliyouzunguka.

Pale ambapo vanishi imekwisha kubambuka, mashine haina la kufanya. Hapo panahitaji msasa na kupakwa upya. Penginepo, baada ya kung'arisha, hupakwa nta. Nta haiongezi unene wa kuhesabika, ila huyafanya maji yateleze, na kwa gari linalolala juani itahitaji kurudiwa kila baada ya miezi michache.